Ukuta wa bafu unapiga "ta-ta-ta" maji ya moto yakifunguliwa: usivunje tailizi kwanza

Mkuu, umesema ukuta unagonga kila mtu akioga maji ya moto ya sola, na fundi wako anataka kubomoa tailizi. Mwambie asubiri. Nafunga mabomba hapa Arusha, na kelele za namna hiyo mara nyingi nimezikuta zinaanzia darini. Ukuta unazisambaza tu.

Fungua maji ya moto peke yake, usikilize. Kelele ikianza pale maji ya moto yanapofika, ikatulia baada ya muda, kisha ikarudi kidogo bomba linapopoa, ujue bomba linatanuka. Kama ni kishindo kimoja unapofunga koki ghafla, hata ya maji baridi, hiyo ni habari ya presha na dawa yake ni nyingine.

PPR ya kawaida, yaani bomba la plastiki linaloungwa kwa kuyeyushwa, inarefuka sana: takriban milimita 0.15 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto. Kipande cha mita 5 kikipanda nyuzi 40 kinataka kuongezeka sentimita 3! Shaba hapo isingefika hata milimita 4. Sasa fundi kalibana kwa klipu za chuma kwenye kenchi, kaona kazi nzuri kwa sababu halichezi. Linasukuma, linakwama, likizidiwa linateleza ghafla kwenye mbao. Ndiyo hiyo "ta" unayoisikia. Lililozikwa ndani ya plasta lote limeshikwa, halina pa kutelezea, ndiyo maana siuanzi ukuta.

Panda darini, mwenzio afungue maji chini. Kanyaga mbao, siyo jipsam, utashukia sebuleni. Weka mkono kwenye klipu moja moja. Inayogonga utaisikia kiganjani. Ilegeze, au weka ya plastiki inayoruhusu bomba kuteleza, na uitoe kabisa ile iliyo karibu na elbo ili kona ipate nafasi ya kucheza. Bomba linapolala juu ya mbao au kupita kwenye tundu, livishe ile sponji nyeusi ya mabomba ya AC. Tundu likibana, lipanue kwanza. Foam ya kupuliza siipendi: ikikauka inakuwa ngumu na kulishika bomba upya.

Kelele ikibaki, fungua kile kifuniko cha duara bomba linapotokea ukutani. Kwangua saruji iliyoligusa, jaza silikoni.

Halafu joto. Sola ya mirija jua likiwaka inapita nyuzi 70 kirahisi. Usilipunguze kwenye tangi chini ya 60, bakteria wa maji ya vuguvugu wanapenda huko. Funga koki ya kuchanganya maji ya moto na baridi kwenye njia ya kutokea tangini. Itakulindia watoto wasiungue pia.

Ukishuka, tuambie ncha ya bomba ilipokatwa ina tabaka la rangi nyingine katikati? Kama ipo, ni PPR yenye nyuzi za kioo, haitanuki hivyo, na itabidi tutafute kwingine.