Breki shuu mpya, pedali inanesa: je, ni masta silinda?

SWALI: Gari langu la zamani lina breki za dramu magurudumu yote manne. Nimeweka breki shuu mpya kote, nikatoa upepo mpaka mafuta yakatoka bila povu. Bado pedali inanesa na kushuka sana, na nikifunga breki gari linavuta kushoto. Ninunue masta silinda (pampu kuu ya mafuta ya breki) nyingine?

JIBU: Bado. Kanyaga pedali uishikilie kwa nguvu ileile. Ikizidi kuzama taratibu na hakuna mafuta yanayovuja nje, hapo masta silinda inashukiwa. Ikisimama pale pale lakini inanesa, mimi ningefungua dramu (ngoma inayozunguka na gurudumu, ambayo shuu huibana kwa ndani) kabla ya kutoa senti.

Dramu iliyokwisha kuchongwa imepanuka. Shuu mpya yenye mviringo wa kiwandani huigusa katikati tu, ncha zikabaki hewani, na kila ukikanyaga shuu inapinda kidogo. Mguuni utaapa kuna upepo. Paka chaki kwenye uso wa shuu, rudisha dramu, izungushe huku ukifunga breki kidogo, kisha fungua. Chaki ikifutika katikati peke yake, umempata mchawi. Shuu zinahitaji kusagwa zifuate dramu, lakini pima dramu kwanza: ikiwa imepita kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa, ibadilishe.

Kuhusu kuvuta kushoto, usililaumu gurudumu la kushoto moja kwa moja. Huenda la kulia ndilo halishiki. Kunjua mipira ya silinda ya gurudumu (silinda ndogo inayosukuma shuu). Ukikuta mafuta, silinda inavuja, na shuu zilizolowa hazifai tena hata ukizisafisha. Angalia pia mpangilio. Magari mengi ya zamani ya Marekani yana shuu mbili zisizolingana katika gurudumu moja: yenye bitana (tabaka linalogusa dramu) fupi hukaa mbele, yenye ndefu nyuma. Ni rahisi mno kufunga fupi zote upande mmoja, ndefu zote upande mwingine.

Pedali ikipanda ukiipampu haraka, shuu ziko mbali na dramu. Legeza handbreki kabisa, pamoja na waya wake. Kaza ajasta (skrubu inayosogeza shuu karibu na dramu) mpaka gurudumu ligome, kanyaga pedali shuu zijipange, kaza tena, halafu rudisha nyuma hadi lizunguke ukisikia mkwaruzo hafifu tu. Waya wa handbreki urekebishwe mwisho. Usikanyage pedali dramu ikiwa nje, utazitoa pistoni.

Nakusihi sana kuhusu vumbi. Shuu za zamani mara nyingi zilikuwa na asibesto, na vumbi lake husababisha saratani. Usipulize kwa kompresa wala kupiga msasa mkavu: lowesha, futa kwa kitambaa cha kutupa, vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini. Kazi ya kusaga waachie wenye mashine inayofyonza vumbi.