Makka, Madina na milima ya Taif: usiipe barabara nguvu za ibada

Jamaa wanaojiandaa kwenda umra huniletea ratiba zao nizitazame, na karibu zote zinafanana. Makka, Taif kwa asubuhi moja, Madina kwa gari huku wakipitia Badr, halafu wenye hamu zaidi wanachomeka Abha kwa sababu wamesikia kuna baridi na ukungu. Kwenye karatasi inapendeza. Mimi nimezipita njia hizo na mama yangu na mjomba, watu wazima wenye magoti yanayouma, na jambo ninalowaomba wote ni moja: mwili wako uchoke kwa twawafu, usichokee kwenye kiti cha gari.

Fikiria umra yenyewe kwanza. Mizunguko saba ya Al-Kaaba, na kwenye msongamano unasukumwa nje, kila mzunguko unarefuka. Kisha sa'yi, mara saba kati ya Safa na Marwa, ambayo peke yake ni karibu kilomita 3. Mtu aliyefika Makka usiku baada ya kukaa garini kutwa nzima anayafanya haya macho yamemwiva, anasahau hata dua alizotumwa na watu wa nyumbani. Wakala mmoja alitupangia tufike hivyohivyo, tuingie Haram, yaani Msikiti Mtukufu wa Makka, moja kwa moja bila kulala. Tulikataa, tukalala kwanza na ihramu zetu, mavazi ya umra, tukaingia alfajiri. Mama alilia mbele ya Al-Kaaba kwa utulivu, na sidhani angeyapata yale kwenye ratiba ya wakala.

Kati ya Madina na Makka, panda treni. Umbali ni kama kilomita 450. Treni ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2018, inafika mwendo wa kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo safari inakwisha kwa saa mbili na ushee. Kwa gari ni saa nne au tano, ukisimama kusali na kula inazidi. Ila angalia mikati, mahali pa kuhirimia kabla ya kuingia Makka. Ukitoka Madina mikati yako ni Dhul-Hulayfa, wenyewe wanapaita Abyar Ali, na treni haisimami hapo. Oga na uvae ihramu hotelini, au pitia Dhul-Hulayfa kwa teksi kabla ya kwenda stesheni. Na kama una nafasi ya kuingia Rawdha, ile sehemu ndani ya Msikiti wa Mtume Madina, uliyoipata kupitia programu ya simu ya Nusuk, usiiweke siku ileile unayofika kutoka safarini. Nafasi ina saa yake, na foleni ya barabarani haiijui.

Sasa Taif, maana hapo gari ndilo lenye maana. Makka iko mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari. Al-Hada, kileleni, ni karibu 2,000. Unapanda urefu huo wote kwa barabara inayojipinda ukutani mwa mlima, kona baada ya kona, masikio yanaziba, na joto ulilolizoea Makka linabaki chini. Nyani wanakaa kwenye kingo za barabara wakingoja watalii wawatupie chakula. Msiwape, na msifungue vioo. Kwa mtu anayetapika safarini, mkalishe mbele, ale kidogo, atazame mbali na asishike simu. Mjomba tulimsimamishia gari mara kadhaa, na dereva hakununa kwa kuwa tulikuwa tumeelewana naye tangu mwanzo kwamba hatuna haraka. Maelewano hayo yafanyeni kabla hata ya kuzungumzia bei.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Dereva atumie gia ndogo, asining'inie kwenye breki mpaka zinuke. Mvua ikinyesha barabara ya Hada inaweza kufungwa, kwa hiyo ulizeni asubuhi. Ikiwa imefungwa, ipo ya As-Sayl al-Kabir, ndefu kidogo lakini haina zile kona. Kwa wazee wangu mimi ningechagua hiyo hata siku ya jua.

Ukiwa Taif ukanuia umra nyingine, mikati yako ni Qarn al-Manazil. Wa njia ya Sayl wanaihirimia As-Sayl al-Kabir, na wa njia ya Hada wanaihirimia Wadi Muhrim, kabla ya kuanza kushuka. Dereva asiyejua hili anaweza kukupitisha huku umelala. Mwambie mapema.

Taif yenyewe inataka walau usiku mmoja. Mwezi Machi na Aprili waridi zinachumwa alfajiri, na mtu wa kwenda na kurudi siku moja haoni hilo, anafika jua likiwa limeshakuwa kali. Ukilala, unasali kwenye msikiti wa Abdullah ibn Abbas bila kutazama saa, na miguu iliyovimba Makka inapumzika kwenye hewa ya baridi. Ndiyo maana naiweka Taif mwishoni, baada ya Madina na Makka.

Abha ni safari nyingine kabisa. Kutoka Taif ni zaidi ya kilomita 500 za milima kupitia Al-Baha, na ukungu wa huko unaweza kuficha gari lililo mbele yako. Nzuri sana, siwezi kukataa. Mji uko kama mita 2,200 juu, na Jabal Sawda hapo jirani inakaribia 3,000. Lakini nendeni kwa ndege kutoka Jedda, au laleni Al-Baha katikati ya njia.

Tena muulizeni kila mtu peke yake kama anataka kwenda, msiulize kwa kikundi, kwa sababu mzee hatasema amechoka mbele ya vijana. Mjomba tulipomuuliza pembeni kuhusu Abha alisema anataka kubaki Makka asali Haram. Tulimwachia chumba kilekile, karibu na lifti, na jirani wa mlango wa pili akaahidi kwenda naye kila sala.