Unataka kulala nyikani na farasi Dakota Kaskazini? Anza na maji

Wengi wanaoniuliza kuhusu safari ya farasi kwenye nyika za majani za Dakota Kaskazini huanza na hema. Hema utalipata popote. Chukua kwanza ramani ya njia ya Maah Daah Hey, ile yenye zaidi ya kilomita 200 inayokatiza Little Missouri National Grassland, utie alama kila penye maji ya uhakika. Ukimaliza hapo ndipo utajua utalala wapi.

Farasi wa kilo 500 hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na jua likiwa kali huzidi hapo. Maji hayo huwezi kumbebesha. Ndiyo maana mimi hufuata kambi za Huduma ya Misitu ya Marekani zilizo kandokando ya njia, kama Wannagan, Elkhorn na Magpie, ambazo zina pampu. Kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa kama siku nzima juu ya tandiko. Hata hivyo, piga simu ofisini kwao wiki ya safari uulize pampu ipi inatoa maji na ipi imekufa. Ramani haikuambii hilo.

Mabwawa ya ng'ombe utayaona mengi, lakini ikifika Agosti usiyaamini. Ukingo wenye ukoko mweupe ni dalili ya chumvi nyingi, na utando wa kijani juu ya maji yaliyotuama unaweza kuwa mwani wenye sumu, uwezao kumuua farasi. Mto Little Missouri wenyewe una tope jingi, huziba kichujio chako cha maji upesi, na sehemu nyingine chini yake ni mchanga unaodidimia. Vuka pale wenzako wanapovukia.

Halafu kuna farasi wenyewe na maringo yao. Farasi wangu jike hushusha pua hadi kugusa maji ya pampu, akapuliza, akainua kichwa na kukataa, hata kama ametoka jasho tangu asubuhi. Dawa yake ni kuanza nyumbani: siku kadhaa kabla ya safari natia juisi kidogo ya tufaha kwenye ndoo yake, na juisi hiyohiyo naibeba. Akisikia harufu anayoijua, anakunywa.

La pili ni kumfunga usiku. Kwenye kambi kuna boriti za kufungia, lakini ukilala nje ya kambi, miti ni ya kutafuta kwa tochi isipokuwa mabondeni. Mzoeshe nyumbani pingu za ngozi za miguu ya mbele, na umfunge kengele shingoni, kwa kuwa aliyezizoea pingu hujua kwenda nazo mbali. Wengine hubeba uzio mwepesi wa umeme wa betri. Ni mzuri, ila usiutegemee ukilala ndani ya Theodore Roosevelt National Park upande wa kusini: kuna farasi wa mwituni huko, na dume likinusa jike usiku, waya mwembamba haumzuii. Humo humo kuna baisani, yaani nyati wa Amerika; mpe nafasi kubwa, geuza njia yako, usingoje akupishe.

Uzito wengi huupuuza. Kanuni ya kawaida ni farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake. Yule wa kilo 500 basi ni kilo 100, wewe mwenyewe na tandiko mkiwemo. Piga hesabu yako kwa ukweli, uone kinachobaki kwa ajili ya mizigo. Chakula chake peke yake ni karibu kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, ndiyo maana napenda kuwa na mtu wa pikapu anayepitia barabara za changarawe na kutangulia kambini. Nyasi hizo lazima ziwe zimethibitishwa kuwa hazina mbegu za magugu. Karatasi nyingine ni cheti cha daktari wa mifugo na majibu ya kipimo cha damu cha Coggins, kinachoonyesha kama farasi ana ugonjwa wa anemia ya kuambukiza. Zikae kwenye gari, nakala kwenye begi.

Mvua ikinyesha, simama. Udongo wa kule una bentonaiti, aina ya mfinyanzi unaovimba kwa maji: ukilowa unateleza, kisha unang'ang'ania kwato hadi farasi anatembea juu ya madonge. Ukishuka kuyakwangua, hatua kumi mbele yamerudi. Weka siku moja ya akiba kwenye ratiba kwa ajili ya hilo tu. Na radi ikianza kunguruma, teremka kutoka mgongo wa kilima, maana kwenye majani matupu wewe na farasi ndio kirefu kuliko vyote.

Kila geti liache ulivyolikuta. Ng'ombe wa watu wanalisha pale.

Simu mara nyingi haishiki mtandao, kwa hiyo beba kifaa cha ujumbe wa setilaiti. Muachie mtu wa nyumbani ratiba ya kambi kwa kambi, aina ya gari, namba ya trela na saa ya mwisho ya kukungoja. Njia inapita kaunti zaidi ya moja, basi mwandikie namba ya ofisi ya sherifu ya kila kaunti, asije akaanza kuitafuta usiku wa manane.