Usianze ratiba hiyo ya kutembea Jumatatu kabla hujaihesabu keshokutwa

Umeuliza kama maumivu ya mwili mzima, uchovu usiokwisha na tumbo linalovurugika ni ugonjwa mmoja au mitatu, na kama uanze Jumatatu ratiba ya kutembea dakika 10, kisha 15, kisha 20. Usianze. Ratiba hiyo naijua, kwa sababu ndiyo niliyopewa mimi, nami niliifuata kwa utiifu wa mwanafunzi anayetafuta sifa.

Niliambiwa nina fibromayaljia, yaani ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yasiyokoma, na kwa fibromayaljia peke yake mazoezi ya polepole huwasaidia wengi. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na daktari ambaye, alipokwisha kupata jina moja, alilifunga faili. Maradhi haya hupandana: mtu mmoja anaweza kuwa na fibromayaljia, ugonjwa wa uchovu sugu na tumbo la namna hiyo kwa pamoja, huku vipimo vya kawaida vya damu vikirudi safi, na kinachomfaa mgonjwa wa hili kikamwangusha mwenye lile. Dalili kuu ya uchovu sugu ni mwili kuporomoka baada ya shughuli, na mara nyingi anguko hilo huchelewa siku moja au mbili. Daktari hakuniuliza hata mara moja keshokutwa yake huwa naamkaje.

Siku nilipofikisha dakika 20 nilirudi nikijisifu, nikafua hadi mashuka. Kesho yake nilikuwa mzima. Keshokutwa nilishika kikombe cha chai kwa mikono miwili na bado kikatetemeka, mwanga wa dirishani ukanichoma macho, nikalala na khanga usoni kama maiti aliyesahauliwa kuzikwa. Mtaalamu wa mazoezi akasema huo ni uvivu wa mwili usiozoea, niongeze dakika 5. Nikaongeza! Hata punda akizidishiwa mzigo hugoma. Mimi nilisema ahsante. Miezi 8 iliyofuata niliijua kwa kuhesabu nyufa za dari.

Mwaka 2021 mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ulisema waziwazi kwamba wenye ugonjwa wa uchovu sugu wasipewe mazoezi ya kuongezwa kwa vipimo vilivyopangwa tangu mwanzo. Niliusoma nikiwa nimelala chali, kurasa mbili kwa siku, nikimtukana mtu ambaye hakuwapo.

Kwa hiyo chukua daftari. Kwa wiki 2, bila kuongeza chochote, andika ulichofanya, hata kuoga na kupokea wageni, lakini usikipe alama siku hiyo. Kipe alama keshokutwa, kulingana na ulivyoamka. Ukiona unaanguka kila baada ya siku uliyojituma, mpelekee daktari daftari hilo kabla hajakupeleka kwa mtu wa mazoezi, na akikataa kulisoma, tafuta mwingine. Viatu vya kutembelea vifiche hadi ukurasa wa siku ya 14.