Panya kwenye nyumba ya kupanga: anza na tundu

Dada, umeuliza kama mwenye nyumba anaweza kukuambia "panya ni wako, jitafutie sumu". Mimi nilijibiwa hivyo hivyo nikipanga Umoja, Nairobi, orofa ya chini, na kwa miezi mitatu niliamini. Nilinunua gundi, mitego, sumu ya wachuuzi. Nikiua wawili, usiku wengine wako darini. Walikula unga, wakatafuna hadi nguo za mtoto.

Siku moja nilivuta kabati la chini ya sinki. Bomba la maji machafu lilipita ukutani kwenye tundu la kuingiza ngumi, na nyuma yake ni ule uwazi wa mabomba unaopanda hadi orofa ya juu, umejaa takataka. Panya mdogo hupenya hata kwenye upenyo wa milimita 6!

Tundu kama hilo si lako kuziba. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamtaka mwenye nyumba ahakikishe inakalika na binadamu siku unapoingia na muda wote utakaokaa. Ukipanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, mifereji mikuu na sehemu za pamoja ni juu yake. Hata kama mkataba wenu haukutaja. Lakini kama panya wanafuata mabaki unayoyalaza jikoni, hapo huna la kumdai.

Wapangaji watano tulimwandikia mwenye nyumba barua, tukaambatisha picha, keateka (mtunzaji wa jengo) akatutilia sahihi kwenye nakala. Wiki tatu kimya. Nikaenda kwa afisa wa afya ya umma. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, nyumba ya namna ile ni kero kwa afya, na kasoro ikiwa ya ujenzi notisi humwendea mwenye jengo. Baada ya notisi, fundi alikuja na wavu wa chuma na saruji.

Nakuomba sana, usizuie kodi. Jirani yangu alizuia. Sheria ya kukamata mali kwa deni la kodi, Sura 293, ipo, na dalali wa mnada aliyetumwa na mwenye nyumba alibeba friji na televisheni bila kuuliza habari za panya.

Unga na nguo sikulipwa, maana sikuwa na picha za mwanzo wala risiti. Wewe anza kupiga picha usiku wa leo.