Faiba ikikata mteja akiwa hewani

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nafanyia kazi nyumbani, napanga safari za watalii. Mwezi huu faiba imekata mara mbili nikiwa naongea na mteja. Jirani ananishauri nivute faiba ya kampuni nyingine iwe ya akiba. Nimsikilize?
Mama wa watoto wawili, Njiro, Arusha

JIBU: Salama, dada. Kabla hujalipia chochote, toka nje uangalie nguzo. Mimi hapa Sakina niliwahi kuvuta faiba mbili za kampuni tofauti, nikajiona mjanja. Lori la mchanga likarudi nyuma, likagonga nguzo moja, na nyaya zote mbili zikalala chini kutwa nzima. Kama waya wa pili utapita nguzo zilezile, achana nao. Nunua ruta ya laini ya simu ya 4G, uiweke dirishani upande wa mnara.

Halafu unahitaji ruta kuu yenye matundu mawili ya kuingizia intaneti: faiba huku, laini kule. Vifaa vingi hutoka kiwandani na anwani ileile, 192.168.1.1, vikikutana vinagongana. Ya ruta kuu ibadilishe iwe 192.168.10.1.

Sasa penye utata. Ruta nyingi zikiona waya umechomekwa na taa ni ya kijani, zinaamini intaneti ipo, kumbe imekatika huko mbele barabarani. Unakaa unatazama taa ya kijani na mteja keshapotea. Kwa hiyo kwenye mipangilio iambie ruta ibishe hodi mbali, kwenye anwani za Google (8.8.8.8) na Cloudflare (1.1.1.1), kila baada ya sekunde 5. Zote mbili zikikaa kimya mara tatu mfululizo, ihamie kwenye laini. Na isikimbilie kurudi faiba ikiwaka. Isubiri dakika mbili, la sivyo itakuwa inaruka huku na huku. Nisikudanganye: wakati wa kuhama simu ya video itaganda kidogo, pengine ukapiga upya.

Bando nalo. Laini iruhusu kompyuta yako ya kazi peke yake, maana watoto wakiwa kwenye katuni hawajui kama faiba imekata.

Umeme ukikatika, faiba nzima haikusaidii kitu. Soma kibandiko cha kila kifaa. Vingi ni volti 12, na UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, inavibeba vizuri. Ila siku kama ile ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zinazotuletea intaneti zilipokatika, faiba na laini vyote vinazorota pamoja.

Ukimaliza, jaribu. Usichomoe waya wa mtandao unaotoka kwenye modemu, kile kiboksi cha faiba, kwenda kwenye ruta; huo hata ruta ya kijinga itaushtukia. Chomoa ule uzi mwembamba wa faiba nyuma ya modemu, taratibu, usiukunje, usiguse ncha wala kuichungulia. Taa kati ya modemu na ruta itabaki kijani. Hesabu hadi ishirini, kisha fungua ukurasa wowote.