Laktomita ikisoma 25: kwa anayeanza kazi kituo cha maziwa

Wiki yangu ya pili kituoni, huku nyanda za juu za Rungwe, nilimrudisha bibi mmoja na keni yake ya lita kumi. Laktomita, yaani chombo kinachoelea kwenye maziwa na kupima densiti yake, ilisoma 25, na mimi nilikuwa nimekariri kwamba chini ya 26 ni maji. "Bibi, samahani, haya yamechanganywa." Hakubishana. Alifunga keni akasema, "Mwanangu, nimetoka kukamua sasa hivi, hata povu halijatulia," akaondoka. Maneno yake mawili hayo, "sasa hivi" na "povu", yalikuwa na fizikia yote niliyokuwa nimeisahau.

Nianze na densiti yenyewe. Ni tungamo la kitu ukigawanya kwa ujazo wake. Vitabu husema tungamo. Kituoni sote tunasema uzito, na hakuna anayekosana. Lita moja ya maji ina kilo 1. Lita ya mafuta ya kupikia ina kama gramu 920, ndiyo maana huelea. Lita ya maziwa mazima ya ng'ombe, yakiwa nyuzi 20 za Selsiasi, huwa kati ya kilo 1.026 na 1.032. Laktomita haitaki kuandika tarakimu zote hizo, kwa hiyo inachukua za mwisho tu: 28 maana yake 1.028.

Mtu akiongeza maji, huna haja ya kubahatisha. Chukua lita 9 za maziwa ya 1.030, ongeza lita 1 ya maji. Uzito ni 9 × 1.030 + 1 × 1.000, yaani kilo 10.27. Gawa kwa lita 10: 1.027. Hapo ndipo wengi hushtuka. Sehemu moja ya kumi ni maji, na laktomita bado inasoma 27, ndani kabisa ya mipaka. Kinachosaidia ni kumbukumbu: mfugaji ambaye daftari lake linaonyesha 30 kila asubuhi, kisha leo 27, muulize kwa upole. Mwingine ng'ombe wake hutoa 27 mwaka mzima, na ni mwaminifu.

Sasa turudi kwa bibi. Maziwa yakipata joto hutanuka: uzito uleule, ujazo mkubwa zaidi, densiti inashuka. Kwa laktomita iliyotengenezwa kwa nyuzi 20, ongeza 0.2 kwa kila nyuzi moja iliyozidi, punguza 0.2 kwa kila nyuzi iliyopungua. Maziwa yake yangekuwa nyuzi 33, hesabu ni 25 + (13 × 0.2) = 27.6. Mazima kabisa! Kwa tofauti kubwa namna hiyo kanuni hii huanza kulegalega, kwa hiyo chukua sampuli, ipoze kwenye beseni la maji baridi, ndipo upime. Povu nalo ni hewa, na hewa iliyonaswa ndani ya maziwa yaliyokamuliwa punde huishusha namba vilevile. Miongozo husema yaachwe yatulie kwanza kabla ya kupimwa. Foleni ya asubuhi haikupi muda huo, lakini inakupa nafasi ya kusema "hebu tusubiri kidogo" badala ya "haya yamechanganywa". Kipimajoto kituoni kilikuwepo. Sikukitumia kwa sababu hakuna aliyenionyesha droo kilipo.

Namba kwenye shingo ya laktomita zinakua kwenda chini. Kimiminika kizito huisukuma juu, inaelea ikiwa imejitokeza zaidi, na namba kubwa ndiyo inayobaki usawa wa maziwa. Mgeni akisoma kama rula anageuza maziwa mazuri kuwa mabaya. Shusha jicho mpaka usawa wa maziwa. Na kwa kuwa maziwa hayaonyeshi ndani kama maji, soma pale yanapopanda kwenye shingo, ukingo wa juu.

Kuna wanaouliza kwa nini tusipime kwa mizani na silinda tu, kama shuleni. Jaribu. Silinda tupu gramu 112, ikiwa na mililita 100 za maziwa gramu 215. Ukitoa (usisahau kutoa, kila mtu husahau mara moja) unapata 103, densiti 1.03. Lakini mizani inayosoma gramu nzima inaweza kukosea nusu gramu huku au kule kila unapopima, nawe umepima mara mbili, kwa hiyo jibu lako ni popote kati ya 1.02 na 1.04. Hapo umejaza maziwa mazuri na yaliyochakachuliwa kapu moja.

Mjanja wa kweli hukwangua malai kwanza. Mafuta ni mepesi, yakitoka densiti inapanda, tuseme 1.033. Kisha anaweka maji sehemu moja ya kumi, inashuka mpaka karibu 1.030. Laktomita inampigia saluti. Ukiona 30 safi na maziwa mepesi mdomoni, peleka kwenye kipimo cha mafuta.

Densiti itakufuata hata ofisini. Mwezi wangu wa kwanza tulituma lita 1,000, kiwanda kikaandika kilo 1,030, nami nikajaza "ziada lita 30" kwenye ripoti kwa furaha. Msimamizi alicheka mpaka akakaa. Kinyume chake hakichekeshi: wakipokea lita zako 1,000 na kuziandika kilo 1,000, mmepoteza kilo 30 za wafugaji. Angalia stakabadhi imeandikwa kipimo gani kabla hujasaini.

Osha laktomita kila baada ya keni chache, na uipanguse. Maziwa yakikaukia juu yake yanaiongezea uzito, inazama zaidi, inasoma chini. Anayeumia ni aliye mwisho wa foleni, na kwetu aliyekuwa mwisho wa foleni mara nyingi ni anayetoka mbali zaidi kwa miguu.